Sahani ya Hotelini Yatoka Shambani Kwako

Ndugu mkulima, ni watu wachache sana wa Lumakanda, Mautuma, Chekalini au Likuyani wasiofika mjini Kakamega angalau mara moja kwa mwaka. Mmoja huenda kwa ajili ya hati ya shamba lake. Mwingine huenda kumtazama mgonjwa katika hospitali kuu ya kaunti. Mwingine ana mtoto anayesoma katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Safari ni ya alfajiri, foleni ni ndefu, na saa saba ya mchana ikifika tumbo laanza kudai haki yake. Hapo kila mtu hujiuliza: Nile wapi leo?

Huenda ukafikiri kwamba swali hilo ni dogo mno kuandikwa katika gazeti la wakulima. Sivyo. Hoteli ndogo ya mtaani, ile yenye mabenchi ya mbao na sufuria kubwa jikoni, si mahali pa kushibia tu. Ni soko lako, na tena ni shule ambayo karo yake ni bei ya sahani moja. Mkulima akila humo huku macho yake yamefumbuka, hurudi nyumbani na maarifa ambayo hakuyapata kwenye foleni ya asubuhi.

HOTELI TUNAYOISEMA

Wageni wakisikia neno "hoteli" hufikiri juu ya nyumba ya vitanda. Kwetu Kenya hoteli ni mahali pa kula na kunywa chai, na hiyo ndiyo tunayoisema. Kakamega zimo nyingi, karibu na soko, karibu na stendi ya magari, na katika mitaa wanakokaa wanafunzi na wafanyakazi. Mlangoni pana mtungi wenye bomba na kipande cha sabuni. Ukutani pana orodha ya bei. Ukiingia watu hukusalimu "Mulembe," nawe hujibu "Mulembe," kisha unasogea kwenye benchi kando ya mtu usiyemjua. Meza ni ya wote. Hakuna aulizaye wewe ni nani, wala una ekari ngapi.

Chakula chenyewe wakijua tangu utoto. Kuna ugali wa mahindi, na katika hoteli nyingine ugali wa wimbi uliochanganywa na muhogo. Kuna kuku wa kienyeji wa mchuzi, yaani ingokho, ambaye sifa yake imewafuata Waluhya popote waendapo. Kuna matumbo, omena kutoka ziwani, chapati kwa maharagwe, na chai ya maziwa. Na kuna mboga za kwetu: mrenda, saga, managu, kunde, mitoo, terere, na majani ya maboga ambayo twayaita seveve. Majina hubadilika kutoka kwa Waisukha hadi kwa Wakabras au Wamaragoli, lakini mboga ni zile zile.

Kwa nini watu wa mjini walipe fedha kula chakula kilichojaa mashambani? Ni kwa sababu karani wa ofisini, dereva wa matatu na mwanafunzi wako mbali na jiko la mama yao. Wanachonunua si ugali peke yake. Wananunua ladha ya nyumbani. Wewe ndiwe mwenye ladha hiyo, nawe mara nyingi waiuza kwa bei ya chini kuliko wote.

DESTURI YA KUWALISHA WASAFIRI

Kuwauzia wapita njia chakula si jambo jipya katika nchi hii. Katika karne ya 19 misafara ya wafanya biashara kutoka pwani ilipumzika Mumias, ikanunua chakula kwa wenyeji kabla ya kuendelea Uganda. Baadaye, mwaka 1931, dhahabu iligunduliwa Kakamega. Wazungu wakamiminika kuitafuta, na Waafrika wengi wakaajiriwa kuchimba. Hata leo jina la mtaa wa Rosterman latukumbusha mgodi uliokuwapo. Watu wengi wasiolima walihitaji kulishwa kila siku, na mahindi na kuku wa majirani vikapata wanunuzi.

Lakini kadiri mji ulivyokua, chakula cha nyumbani kilianza kuonewa haya. Mtu aliyevaa viatu alitaka mkate na chai. Kabichi na sukuma wiki zikapewa heshima. Saga na managu zikaitwa chakula cha maskini, na hata baadhi ya walimu wa kilimo wa zamani walizihesabu pamoja na magugu ya kung'olewa. Wazee waliendelea kuzila, lakini vijana walicheka.

Siku hizi kicheko kimekwisha. Watafiti, akiwemo Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, wamezichunguza mboga hizi kwa miaka mingi. Wameonyesha kwamba nyingi zina madini ya chuma na vitamini A kuliko kabichi. Lile jani lililokuwa likikua lenyewe nyuma ya zizi, sasa limeandikwa ukutani kwenye orodha ya bei, na mtu mwenye tai shingoni huliulizia.

KWA NINI MBOGA HUNUNULIWA JANA

Sasa tazama jambo ambalo wakulima wengi hawalijui. Mkulima huchuma mboga asubuhi, hupanda gari, na hufika mjini saa sita. Huingia hotelini kwa furaha na kuonyesha mzigo wake. Mpishi hutikisa kichwa. Mkulima huondoka akisema kwamba watu wa mjini wana kiburi.

Si kiburi. Mboga za mchana wa leo zilinunuliwa jana. Kwanza ni lazima zichambuliwe jani kwa jani, na kazi hiyo huchukua saa nyingi. Kisha kila mboga ina njia yake. Saga na managu huchemshwa, maji machungu humwagwa, hutiwa maziwa, nazo huachwa zilale usiku ili uchungu upungue. Mrenda na kunde hupikwa kwa musherekha, yale maji ya munyu yaliyochujwa kutoka katika majivu ya maganda makavu ya maharagwe au ya magunzi ya mahindi. Musherekha hulainisha kunde na kuufanya mrenda uteleze vizuri. Kazi hizi haziwezi kuanza saa sita, kwani wateja wataketi saa saba.

Basi anayetaka kuziuzia hoteli mboga na alete jioni, au alfajiri kabisa kabla jiko halijapamba moto. Na alete jinsi mpishi anavyotaka: changa, zisizo na maua, zisizo na udongo, zilizofungwa mafungu sawasawa, zilizofunikwa kwa jani au kitambaa chenye unyevu. Mboga iliyokaliwa na abiria juu ya gunia ni chakula cha ng'ombe.

Hapo ndugu wa Lugari atauliza: "Mimi niko mbali na Kakamega. Nitafikaje alfajiri?" Hilo ni swali la haki. Jibu ni hili. Mboga za hoteli za Kakamega mara nyingi hutoka karibu, kama Shinyalu na Ikolomani, na wewe usishindane nao kwa kitu kinachonyauka. Peleka mboga zako kwenye hoteli za karibu nawe: Lumakanda, Kipkarren, Turbo, Matunda. Huko nako kuna walimu, madereva na makarani wenye njaa ya chakula cha nyumbani. Kakamega peleka vitu vinavyovumilia safari: kuku, mayai yaliyopangwa vizuri, maharagwe, njugu karanga, simsim, na mahindi makavu.

Kulima mboga zenyewe si taabu. Panda kwa mistari, tia samadi iliyooza vizuri, na punguza miche ili iliyobaki ipate nafasi. Kwa mvua njema au maji ya kumwagilia utaanza kuchuma baada ya wiki 4 hadi 6. Usipande kitalu chote siku moja. Gawanya sehemu nne, upande sehemu moja kila wiki, nawe hutakuwa na wiki ya mboga nyingi za kutupwa na wiki nyingine ya mikono mitupu. Mwenye hoteli hapendi mtu anayeleta mafungu 50 leo kisha akapotea mwezi mzima. Hupenda yule anayeleta 10 kila Jumatatu na kila Alhamisi.

KUKU NA HESABU YAKE

Katika hoteli nyingi kuku wa kienyeji hukatwa robo. Kwa hiyo kuku mmoja ni sahani nne. Tuseme hoteli fulani huuza sahani 40 siku ya Jumamosi. Yahitaji kuku 10. Je, wewe peke yako waweza kuleta kuku 10 kila wiki ya mwaka, walio wazima na wa kimo kimoja? Wachache sana wanaweza.

Lakini chukua kalamu tufanye hesabu nyingine. Tuseme nyumba 10 za majirani zinakubaliana, kila nyumba itoe kuku mmoja tu kwa wiki. Kwa mwaka ni kuku 52 kwa kila nyumba. Mtetea wa kienyeji aweza kuatamia mara tatu kwa mwaka. Ikiwa katika kila uzao vifaranga 5 wanakua na kufikia kuuzwa, mitetea 4 watatoa kuku 60. Watakaouzwa ni 52, na 8 watabaki kwa ajili ya wageni, Krismasi na watoto wako. Hesabu hii haihitaji mashine wala mkopo. Yahitaji majirani wanaoaminiana na daftari moja la kuandikia zamu.

Adui wa hesabu hii ni ugonjwa wa Newcastle, ambao wengine huuita kideri. Ukiingia kijijini huweza kumaliza kuku wote kwa siku chache, na hakuna dawa ya kuuponya. Lakini chanjo iko. Kuku wachanjwe wakiwa wazima, kwa kawaida kila miezi mitatu, na chanjo itunzwe mahali pa baridi mpaka saa ya kutumiwa. Nyumba zote 10 zichanje siku moja. Nyumba moja ikikataa, itakuwa mlango wa kuingizia ugonjwa kwa tisa nyingine. Mwulizeni afisa wa mifugo wa wadi yenu. Hiyo ni kazi yake.

Jambo jingine ni uaminifu. Mteja wa Kakamega hulipa zaidi kwa kuku wa kienyeji kwa sababu ya utamu wa mchuzi na ugumu wa nyama. Mpishi mzoefu huzijua miguu za kuku aliyetembea na za kuku aliyefungiwa. Ukimletea kuku mzee wa mayai, uliyemnunua kwa jirani mwenye banda la kisasa, ukamwapia kwamba ni wa kienyeji, utauza siku hiyo moja. Ya pili hutaipata. Waswahili wasema: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

UGALI WAKO UNA HARUFU GANI?

Mkulima akipewa ugali hotelini, na aunuse kabla ya kuumega. Ugali mwema una harufu ya mahindi yaliyokaushwa na jua. Ugali wenye uchungu au harufu ya uvundo umetoka katika mahindi yaliyoota kuvu. Huenda yalitoka kwa mtu kama wewe aliyeharakisha kuyatia gunia.

Kuvu si jambo la ladha peke yake. Baadhi ya kuvu hutoa sumu iitwayo aflatoksini, na sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2004 watu 125 walikufa katika sehemu za mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Basi mkulima anayeuza mahindi mabichi huuza hatari, na anayeyala nyumbani huila hatari hiyo.

Anika mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu. Kausha mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5. Kama huna kipimo, jaribu njia hii rahisi: chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa vizuri, kisha iache kwa dakika 15. Chumvi ikigandamana ukutani mwa chupa, mahindi bado ni mabichi. Ikibaki kavu chini, waweza kuweka ghalani. Mwenye hoteli akijua kwamba mahindi yako hayajawahi kumharibia ugali hata siku moja, atakupigia simu mwenyewe.

HESABU YA SAHANI

Sasa tufike kwenye hesabu ambayo twataka kila mwenye shamba aifanye kabla ya kuuza mavuno yake.

Gunia la mahindi ni kilo 90. Tuseme sahani moja ya ugali wa mtu mzima yatumia robo kilo ya unga usiokobolewa. Gunia moja basi ni sahani 360. Ukiwa hotelini, tazama bei ya sahani ya ugali, uizidishe kwa 360, kisha uilinganishe na fedha ulizopewa na mchuuzi aliyekuja na lori mwezi wa Novemba. Huenda ukashtuka.

Usikasirike na mwenye hoteli. Yeye hulipa kinu, kuni au makaa, kodi ya nyumba, leseni ya kaunti na mishahara. Siku ya mvua wateja hawaji na chakula humwagwa. Faida yake si kubwa kama unavyoidhani. Hesabu hii haikufundishi kumwonea wivu mtu. Yakufundisha kwamba anayeuza gunia, huuza milo 360 kwa pigo moja.

Na milo hiyo ni ya nani? Geuza hesabu upande wa nyumba yako. Tuseme mko watu 8, na kila mmoja ale robo kilo ya unga mara moja kwa siku. Ni kilo 2 kwa siku. Gunia moja litakwisha kwa siku 45. Mwaka mzima wahitaji kiasi cha magunia 8, na hapo hatujahesabu uji wa asubuhi, mlo wa pili wala wageni. Watoto wadogo hula kidogo kuliko wakubwa, lakini wao hukua na matumbo yao hukua pamoja nao.

Ndugu mkulima, mpango wa makazi wa ekari milioni moja ulipoanza mwaka 1962, familia zilipewa mashamba ili zijilishe na kuuza ziada. Neno lenyewe ni ziada. Siku hizi mashamba mengi yamegawanywa kwa wana na wajukuu, na ziada imepungua. Hata hivyo bado twaona mtu akivuna Oktoba, akiuza yote Novemba, kisha mwezi wa Juni akipanga foleni dukani kununua unga kwa bei kubwa. Mtu huyo amekuwa mteja wa shamba lake mwenyewe. Watoto wake hula uji mwepesi katika miezi ile ile ambayo mahindi yaliyotoka kwao hupikwa hotelini Kakamega na kuliwa na wengine.

Tenga kwanza magunia ya nyumbani, uyaandike kwa chokaa neno "WATOTO," na usiyaguse hata mchuuzi akija na noti mpya. Kitakachobaki ndicho cha kuuza. Fanya vivyo hivyo kwa mboga, maziwa na mayai. Haifai watu wa mjini wapate managu kwa maziwa huku mtoto wa mwenye ng'ombe anywa chai ya rangi.

JINSI YA KUCHAGUA HOTELI

Ukifika Kakamega usiingie mlango wa kwanza kwa sababu ya njaa. Tumia macho ya mkulima, yale unayotumia kuchagua ng'ombe mnadani.

Tazama kama pana maji na sabuni ya kunawia mikono. Ukikosa maji mlangoni, jua kwamba jikoni nako hayatoshi.

Tazama kama chakula chatoka katika sufuria inayochemka. Mchuzi uliopoa tangu asubuhi ni hatari hata kama ni wa bei nafuu.

Tazama wapishi na wahudumu. Sheria yataka wapimwe afya kila miezi sita na wawe na vyeti. Hoteli njema haifichi vyeti vyake.

Uliza nyama ilitoka wapi. Nyama halali ya kuuzwa hukaguliwa na kupigwa muhuri.

Uliza bei kabla ya kuagiza, wala usione haya. Mwenye haki hujibu bila kukunja uso.

Mwisho, tazama ni nani wanaokula humo. Hoteli iliyojaa madereva, wafagiaji wa soko na makarani mchana wa siku ya kazi haihitaji matangazo. Watu hao hawana fedha za kuchezea, na wakirudi mahali pamoja kila siku wana sababu.

Ukimaliza kula, ngoja wateja wapungue, yaani kiasi cha saa nane na nusu. Hapo zungumza na mwenye hoteli kwa adabu. Usianze kwa kusema, "Nina kuku, nunua." Anza kwa kumwuliza: "Ni kitu gani hukosa wiki baada ya wiki?" Swali hilo moja lina thamani kuliko hotuba ndefu. Huenda akakwambia kwamba mwezi wa Februari hapati maharagwe mazuri, au kwamba njugu zinazoletwa zina mchanga, au kwamba saga huadimika wakati wa kiangazi. Andika jibu lake. Hapo ndipo penye fedha zako, na umezipata bila kulipa zaidi ya bei ya chakula chako.

Neno la tahadhari: kula hotelini si mchezo wa kila siku. Mtu aliyelipwa fedha za mahindi, akawaita rafiki saba, akaagiza kuku watatu kisha akahamia kwenye vinywaji, hajajifunza chochote. Amehamisha ghala lake kutoka nyumbani hadi mjini. Sahani moja yatosha kwa somo.

MAMA NAYE AKETI MEZANI

Tumebakiza jambo moja, nalo pengine ni kubwa kuliko yote.

Wazee husimulia kwamba zamani katika nyumba nyingi za Waluhya mwanamke hakula kuku wala mayai. Alimfuga, alimpika, lakini waliokula ni wanaume na wageni, na firigisi, yaani imondo, ilikuwa haki ya baba. Mwiko huo wa kuku na mayai umekufa, na ni vema umekufa, kwa maana mama mwenye mimba na mtoto mchanga ndio wanaohitaji mayai na nyama kuliko mtu yeyote.

Lakini mwiko mwingine bado uko, ingawa hakuna anayeutaja. Chungulia hoteli yoyote siku wakulima wanapolipwa. Wenye mashamba wameketi mabenchini, wengi wao wanaume, wakisifu utamu wa mrenda. Na ni nani aliyepanda mrenda ule? Ni nani aliyepalilia, akachuma alfajiri, akawafungia vifaranga kabla ya mwewe? Yuko nyumbani. Ameuza mboga kwa miaka 20 bila kuwahi kuiona siku moja jinsi inavyoandaliwa mezani mjini.

Hii si haki, na tena ni hasara. Yeye ndiye ajuaye mboga gani itachanua wiki ijayo, ni mtetea yupi atakayeatamia, na ni maziwa kiasi gani yatabaki watoto wakisha kunywa. Na jikoni mwa hoteli, mara nyingi, kuna mwanamke mwenzake. Wawili hao wakizungumza kwa dakika 10 juu ya saga na musherekha watapatana mambo ambayo wewe na mwenye hoteli hamtayapata kwa saa nzima. Wataelewana juu ya siku, kipimo, na namna ya kufunga.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, safari yako ijayo ya Kakamega usiende peke yako. Watoto waachie nyanya yao au jirani mwema. Mkimaliza shughuli ya ofisini, nendeni pamoja kwenye hoteli safi, mnawe mikono, mkaagize sahani mbili. Mwache yeye achague mboga, na mwache aonje na kuhukumu, maana ulimi wake ni mwalimu. Firigisi ikija kwenye sahani yako, waweza kuisogeza upande wake. Hakuna sheria ya Serikali inayokataza. Kisha mwende wote wawili jikoni mkamsalimu mpishi, na daftari lenu liwe tayari.